Baba ameniapisha nisimwambie mtu kuhusu kidonda chake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa kiume, mtoto wa mwisho kati ya wanne, na ndiye ninayeishi na wazazi. Mwaka jana baba alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vililegea, lakini akili yake ni timamu kabisa. Anazungumza polepole, anasoma, anafuatilia habari, na akisikia mtu anakosea redioni bado anamsahihisha kwa sauti. Ana miaka 71. Alikuwa mwalimu mkuu, na mpaka leo watu wakija kumjulia hali hawaketi mpaka awaambie waketi.

Tangu atoke hospitali mkojo unamponyoka. Mara nyingi unambana ghafla, na kabla hajainuka kitini umeshatoka. Kuna nyakati hutoka matone tu, mfululizo, bila yeye kuhisi. Tulianza na nepi za watu wazima, akazichukia. Ndipo muuguzi mmoja akatuelekeza kwenye mpira wa nje, ule unaovishwa kama kondomu kisha ukaunganishwa kwa mrija na mfuko wa mkojo. Huo aliupenda. Anavaa suruali yake, mfuko umefungwa mguuni kwa ndani, anakaa sebuleni na wageni na hakuna anayejua kitu. Mimi ndiye ninayembadilisha. Mama mgongo wake ni mbovu na mikono inamtetemeka, na dada zangu baba amewakatalia katakata.

Shida ilianza mpira ulipoanza kuvuja. Siku moja ulichomoka wakati wageni wapo, suruali ikalowa, na baba alikaa pale pale mpaka wote walipoondoka. Baada ya hapo, bila kuniambia, akawa anazungushia plasta ya kawaida juu ya mpira kwa mkono wake mzima, mimi nikishatoka chumbani. Akaanza pia kukataa nisimbadilishe. "Acha, upo sawa, tutabadilisha kesho." Kesho ikifika ananiambia maneno yale yale. Na maji ameacha kunywa. Glasi ninayomwekea asubuhi naikuta jioni imejaa vile vile.

Wiki iliyopita alikubali. Nilipoufungua nikaikuta ile plasta, na chini yake ngozi imebonyea kuzunguka pande zote. Kwa chini pamechubuka, kidonda upana wa kucha ya kidole kidogo, chenye majimaji. Kichwa cha uume kilikuwa kimevimba kidogo. Baba hakulalamika maumivu hata mara moja. Alinitazama akaniambia: "Hili libaki kati yangu na wewe. Mama yako asijue, dada zako wasijue, na yule muuguzi asijue. Niahidi." Nikaahidi. Shangazi, huyu ni baba yangu, na sikumbuki siku nyingine aliyowahi kuniomba kitu.

Dada yangu mkubwa hajui habari ya kidonda, ila anaona ninavyochoka, na anashinikiza baba awekewe mpira wa ndani, ule unaoingia mpaka kwenye kibofu na kukaa huko. Anasema hauvuji na sote tutapumzika. Baba hataki hata kuusikia. Nikisema kuhusu kidonda, dada atakuwa amepata hoja, na baba atajua nimemsaliti. Nisiposema, naogopa kitaharibikia mikononi mwangu. Kwa sasa nakisafisha, napaka mafuta ya mgando, kisha namvisha mpira tena, lakini siku hizi unateleza kuliko mwanzo. Usiku naamka kila mara kuangalia, na kazini nasinzia mezani.

Je, nivunje ahadi? Au ipo namna ya kuutumia mpira huu kwa usalama hapa nyumbani, kidonda kikapona bila mtu kujua? Na ni kweli mpira wa ndani ni bora kama anavyosema dada?

Ni mimi, Mtoto wa Mwisho.


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Lipo jambo moja lisilofaa kusubiri mpaka nimalize kukujibu mengine, nalo ni ile plasta. Kama bado ipo, itoke leo. Isirudi tena, wala mahali pake pasichukuliwe na uzi, bendi ya mpira, kamba au kitambaa cha kufunga. Uume haubaki na ukubwa mmoja mchana na usiku. Hujaa na kunywea, hata kwa mgonjwa, hata akiwa usingizini. Plasta ya kawaida hainyumbuki. Ukijaa, plasta inakaba na damu inashindwa kupita, na watu wamewahi kufikia hatua ya nyama kufa au njia ya mkojo kutoboka kwa sababu ya kitu kidogo kilichozungushwa pale ili mpira usivuje. Unasema baba hakulalamika maumivu. Hilo lisikutulize. Kiharusi kinaweza kupunguza hisia za ngozi, na mtu akaumia bila kupata taarifa kutoka kwa mwili wake mwenyewe.

Mpira wenyewe nao upumzike. Hauvishwi juu ya ngozi iliyochubuka. Mkojo utakichoma kidonda, gundi itakibandua kila unapobadilisha, na unyevu hautakiacha kikauke. Kwa siku hizi chache atahitaji njia nyingine, nami nitaieleza hapo mbele. Na ukiona kichwa cha uume kimegeuka rangi kuwa cha bluu au cheusi, kimekuwa baridi, uvimbe unaongezeka, usaha unatoka, ana homa, amechanganyikiwa ghafla, au mkojo haujatoka kwa saa kadhaa na chini ya kitovu pamejaa, mpeleke hospitali mara moja, iwe mchana au usiku. Hapo ahadi haihusiki. Sidhani baba yako, alipokuomba usiseme, alikuwa akikuomba umwache apoteze kiungo.

Sasa tuzungumze.

Umeniuliza kuhusu ahadi, lakini kila nikirudia barua yako naona aibu ndiyo iliyosababisha yote haya. Mpira ulichomoka mbele ya wageni, akaona aibu. Kwa aibu akafunga plasta, akaacha kunywa maji, akaahirisha kubadilishwa, kwa sababu kila kubadilishwa ni kuvuliwa nguo na mwanawe. Mpira wa nje wenyewe haukumjeruhi. Ukivishwa vizuri na kubadilishwa kwa wakati, wanaume wengi huutumia kwa miaka bila mchubuko. Kwa hiyo hata ukijua kila kitu kuhusu namna ya kuuvisha, kama baba hana njia ya kuutumia bila kudhalilika, kesho atabuni plasta nyingine.

Kuna jambo ambalo nadhani nyote nyumbani mmelichukulia kuwa limeshajulikana, nami sina hakika kwamba limejulikana. Mmekubaliana kwamba baba "hawezi kuzuia mkojo". Ule unaobana ghafla na kutoka kabla hajainuka ni jambo la kawaida baada ya kiharusi, ubongo unashindwa kukituliza kibofu, na miguu haiwahi. Lakini umetaja pia matone yanayotoka mfululizo bila yeye kuhisi. Hayo yananitia wasiwasi. Wakati mwingine matone ya namna hiyo huja kwa sababu kibofu kimejaa mno na hakimwagiki, kikawa kinafurika kidogo kidogo. Kwa mwanamume wa miaka 71 tezi dume iliyokua inaweza kuziba njia, kiharusi chenyewe kinaweza kukidhoofisha kibofu, baadhi ya dawa zinaweza kuchangia, na hata kukosa choo kikubwa kwa siku nyingi kunaweza kubana njia ya mkojo. Mtu asiyekunywa maji na anayekaa kitini siku nzima, mwulize pia habari ya choo kikubwa.

Hapo mpira wa nje hausaidii. Kazi yake ni kupokea mkojo uliokwisha kutoka; hauwezi kukitoa kilichobaki ndani. Mfuko unaweza kuwa na mkojo kila asubuhi, sote tukaridhika, kumbe kibofu kimejaa na mkojo unarudi kuzielemea figo. Kujua ni rahisi. Akishakojoa, anapimwa kwa altrasaundi kuona kiasi gani kimesalia, kipimo kisichoumiza na kinachofanyika juu ya tumbo. Je, baba aliwahi kufanyiwa hicho kipimo? Kama hajafanyiwa, hiyo ni sababu halali ya kumpeleka kliniki, na unaweza kumwambia bila kugusa habari ya kidonda. Uliza hapo hapo kuhusu dawa zake. Kama kuna ya presha inayoongeza mkojo na anaimeza jioni, daktari anaweza kuisogeza asubuhi. Usiisogeze mwenyewe.

Jingine ni hili la kuuvaa saa 24. Nani aliamua hivyo? Baba ana mkono mzima wa kulia na akili iliyo macho. Mtu wa namna hiyo mchana anaweza kutumia chupa ya kukojolea iliyowekwa upande wa mkono wake mzuri, ndani ya mfuko wa kitambaa ili isionekane. Wengi waliopata kiharusi husaidiwa na ratiba: kila baada ya saa 2 hivi anajaribu kukojoa hata kama hajabanwa, ili kibofu kisimwahi. Suruali ya lastiki badala ya zipu na mkanda nayo inaokoa dakika, na tatizo lake kubwa, kama ulivyolieleza, ni dakika. Mpira ukabaki kuwa wa usiku, au wa siku ya wageni. Ngozi ikapata hewa, na wewe ukawa na kazi moja ya kuvisha badala ya kuvizia siku nzima. Hii ndiyo njia ninayoifikiria kwa siku za kidonda pia: chupa mchana, na usiku nepi ya wazi iliyotandikwa chini yake bila kufungwa, ibadilishwe mara inapolowa. Najua alizichukia nepi. Alichukia kuvalishwa. Ya kulalia juu yake huenda akaivumilia kwa muda, hasa akiambiwa ni kwa siku hizi tu za kupona.

Ngozi ikishapona kabisa, turudi kwenye mpira na swali la kwa nini unavuja. Mlifikiri tatizo ni kulegea, na baba akakaza. Mara nyingi mpira huvuja kwa sababu saizi si yake. Wenye kutengeneza mipira hii hutoa kipimo cha karatasi cha kuzungusha kwenye uume ukiwa umenywea, na tofauti ya milimita chache tu ndiyo inayoamua kama utashika au utateleza. Mwili wake huenda umepungua tangu augue. Saizi aliyopewa mwaka jana huenda si ya leo. Mpime upya. Kama uume umeingia ndani kiasi kwamba mpira hauna pa kushika, ipo mifupi iliyotengenezwa kwa hali hiyo. Na ngozi ikiwashwa au kutoka vipele mahali pote palipoguswa na mpira, angalia kama ni wa lateksi, yaani mpira wa asili unaotokana na utomvu wa mti. Uulizie wa silikoni, maana wapo watu ambao miili yao haiivumilii lateksi. Ule wa silikoni una faida nyingine: mingi yake hupitisha mwanga, ukaiona ngozi iliyo ndani bila kuuvua.

Mafuta ya mgando unayopaka ndiyo yanayouchomoa mpira. Unapaka kwa upendo ili kumlinda, na gundi inakosa pa kushika, baba anaona unateleza, anatafuta plasta. Acha mafuta, losheni na poda kabisa mahali pa kuvishia. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, suuza sabuni yote, kausha kwa kugusagusa taulo bila kusugua, kisha subiri. Ngozi iwe kavu kwelikweli. Nywele za shinani zipunguzwe kwa mkasi; wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo mkojo huichoma. Kama hajatahiriwa, hakikisha govi limerudi mahali pake kufunika kichwa kabla ya kuvisha, kwa sababu likibaki nyuma linaweza kuvimba na kukaba. Mpira ukunjuliwe polepole kuelekea shinani, na mbele iachwe nafasi ya sentimita moja au mbili kati ya ncha na mrija, ncha isisuguane na mpira, lakini isiwe ndefu hadi mpira ujisokote na kuzuia mkojo.

Kisha inakuja hatua ninayotaka uitazame kwa jicho la baba. Mpira wenye gundi ukishavishwa, unashikwa kwa kiganja, taratibu, kwa sekunde 15 hivi, joto la mkono lilainishe gundi ishike ngozi. Kiganja hicho si lazima kiwe chako. Baba ana mkono wake wa kulia. Mwachie sehemu hiyo. Mwachie pia kuuvua: kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kinawekwa juu dakika chache, kisha mpira unakunjwa kurudi mbele, hauvutwi. Mnunulie kioo kidogo cha mkononi, ajikague mwenyewe, akuambie alichoona. Wewe ukabaki msaidizi wa mkono wa kushoto. Mwanamume aliyeongoza shule nzima akipewa kazi ya kukagua, ataikagua, na utaona kama bado ataahirisha mpaka kesho.

Kukagua huko kuna ratiba yake. Nusu saa hivi baada ya kuvisha, tazama kama kuna uvimbe au rangi iliyobadilika. Kisha mara kadhaa kwa siku. Mpira wenyewe kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya saa 24, labda kama maelezo ya pakiti yanasema vinginevyo, na ule wa kutupwa haufuliwi ukarudiwa. Mrija usijikunje, kwa sababu mkojo uliozuiwa hurudi nyuma na kuibandua gundi. Sishangai kama siku ile ya wageni ndivyo ilivyokuwa, mrija umebanwa na paja kitini. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usilale sakafuni, umwagwe ukifika nusu au zaidi kidogo, na kamba zake za mguuni zisikaze, ukihamishwa mguu huu na ule. Hasa ule mguu uliolegea, utazame, maana hautasema umebanwa. Usiku tumia mfuko mkubwa wa lita 2, ujazo unaotosha mpaka asubuhi. Nawa mikono kabla na baada. Mifuko inayorudiwa huoshwa na kuanikwa ikauke. Muuguzi atakuonyesha namna ya kuiosha.

Maji anywe. Mkojo mzito unaichoma ngozi na kukichokoza kibofu, mwisho unambana zaidi kuliko ule mwepesi. Kama daktari hajamwekea kikomo kwa ajili ya moyo au figo, apate glasi zake nyingi asubuhi na mchana, apunguze saa chache kabla ya kulala. Na ukisikia mkojo unanuka, usikimbilie antibiotiki zilizobaki kabatini. Harufu peke yake si ugonjwa. Homa, maumivu, damu, kuchanganyikiwa, hizo ndizo dalili za kumpeleka apimwe, na mkojo wa kupima usichotwe kutoka kwenye mfuko uliokaa.

Kuhusu dada yako. Mpira wa ndani una mahali pake. Kama kipimo kitaonyesha kibofu hakimwagiki, huenda ukahitajika, angalau kwa muda, au njia ya kutoa mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa na kutolewa mara kadhaa kwa siku. Lakini kuuweka kwa sababu tu hauvuji na mlezi amechoka, hapo gharama yake ni kubwa. Ni kitu kigeni ndani ya kibofu, na vijidudu huutumia kama njia. Ukikaa mwezi mzima, karibu kila mtu huwa navyo kwenye mkojo. Tena si kweli kwamba hauvuji. Kibofu kinachobana ghafla husukuma mkojo pembeni ya mpira. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wanaume 75 waliolazwa hospitali wakagawanywa, wengine mpira wa nje, wengine wa ndani. Waliovishwa wa nje walipata maambukizi na madhara machache, hasa wasiokuwa na tatizo la kupoteza kumbukumbu, na walisema hauwasumbui kama ule wa ndani. Baba yako, mwenye akili timamu, anafanana na watu hao. Mweleze dada hivyo bila kugombana naye. Amekuona unavyochoka, na hajakosea kuona.

Turudi kwenye ahadi.

Umeiweka kama njia mbili, kunyamaza au kusaliti. Sioni kama ni mbili. Aliwataja mama, dada zako na muuguzi kwa pumzi moja, lakini hawa hawalingani. Mama na dada zako wakijua, baba atakutana na macho yao mezani kila siku. Muuguzi anaona miili ya watu kutwa, na anabanwa na kazi yake asitoe siri ya mgonjwa. Ningependa ujue ni kipi hasa baba anakiogopa: kuonekana na familia, au kuwekewa mpira wa ndani bila ridhaa yake? Kama ni la pili, aambiwe kwamba mtu mwenye akili timamu haingiziwi kitu mwilini bila kukubali. Huenda hajui. Huenda anaamini watoto wakikubaliana imekwisha, na hiyo ndiyo maana ya kiapo chote.

Na anayeweza kulitoa jambo hili bila kuvunja ahadi yoyote ni yeye mwenyewe. Ungeweza kumwendea mkiwa wawili, umekaa karibu naye, si kumsimamia akiwa kitandani, ukamwambia: "Baba, nilikuahidi na sijasema. Lakini kidonda hiki kinahitaji macho ya mtu anayejua kuliko mimi. Naogopa kukikosea. Nakuomba wewe ndiye useme, kwa muuguzi peke yake, nami nitakuwa nje ya mlango ukitaka." Anaweza kukataa. Ukiwa mtoto utaumia, lakini mpe siku moja ya kulifikiria kama dalili za hatari nilizotaja hazipo. Baada ya hapo upande wa kunyamaza unazidi kuwa mzito: kidonda chenye majimaji mahali panapolowa mkojo kila saa kikipona chenyewe ni bahati, na wewe huna jicho la kutofautisha kinachopona na kinachooza. Upande wa kusema nao una uzito wake: akihisi umemzunguka, huenda akafunga mlango asikuruhusu tena kumgusa, na ni wewe pekee aliyekukubali. Ukifika mahali pa kusema bila idhini yake, mwambie yeye kwanza. "Kesho namweleza muuguzi, na sitamweleza mwingine yeyote." Atakasirika akijua ukweli, na hilo naliona ni nafuu kuliko agundue kupitia kwa mtu mwingine. Ni wewe unayemjua, mimi nimemwona kwenye karatasi tu.

Nimalizie na wewe, kwa sababu umejitaja kwa sentensi moja tu. Mtu anayesinzia kazini na kuamka kila saa usiku ndiye anayevisha mpira haraka haraka juu ya ngozi yenye unyevu. Mfuko wa lita 2 na saizi sahihi vitakurudishia usingizi kiasi, ila si wote. Dada zako wamekataliwa kumvua baba. Hawajakataliwa kufua, kupika, kukaa naye jioni akisikiliza redio yake, wala kuchangia malipo ya muuguzi wa kiume aje hata mara mbili kwa wiki. Huyo wa mwisho mfikirieni kwa uzito. Baba anaweza kumvumilia mtu asiye mwanawe kuliko tunavyodhani, na siku hizo mbili ungelala. Waombe kwa majina na kwa siku, mmoja Jumamosi, mwingine Jumatano. Huhitaji kuwaeleza habari ya kidonda ili kuwaambia kwamba umechoka.